Watu wa Soli

Baba yangu alikuwa mtu wa soli. Katika nyumba za wafanyakazi wa Bata kule Limuru, watu walijuana hivyo hata kabla ya kuulizana kwao ni wapi: fulani ni wa ngozi, fulani ni wa cherehani, yule mrefu mwenye baiskeli ni wa matundu ya kamba. Jirani yetu tuliyepakana naye ukuta alikuwa mkataji. Akitandaziwa ngozi ya ng'ombe mezani aliona papo hapo itatoa jozi ngapi, wapi miiba imeikwaruza, wapi kupe wameacha alama, na wapi panafaa kuwa uso wa kiatu, pale ambapo macho ya kila mtu hutua. Mkewe alikuwa akisema kwamba hata ng'ombe hai akipita barabarani, mzee yule humkata kwa macho.

Upande wa viatu vya ngozi, mtu wa kiatu kizima hakuwapo. Kiatu kilipita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akakifanyia jambo lake moja, kikatokea upande wa pili kimeshafungwa kwenye boksi. Nimesoma historia za kampuni hii, na karibu zote ni za ukoo mmoja: baba aliyeanzisha, ndugu aliyeshika usukani, mwana aliyeivusha bahari, mjukuu aliyefuata. Ni historia ya kweli na nitaisimulia. Lakini nimelelewa katika nyumba ambayo ugali wake ulitoka kwenye soli, na siwezi kuisimulia kana kwamba ukoo ulikuwa huo mmoja tu.

Limuru ni mji wa baridi. Uko juu, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa, kama kilomita 30 kutoka Nairobi, reli ya kutoka Mombasa inaupitia na mashamba ya chai ya Tigoni hayako mbali. Mwezi wa Julai ukungu hushuka usiku ukalala mpaka saa nne asubuhi. Bata walikuja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, na kiwanda cha Limuru kikawa mahali ambapo mtu wa mbali angeweza kupata kazi ya mshahara bila kuwa karani wala askari. Baba alifika mwaka 1962 kutoka kwao Maragoli, magharibi mwa Kenya, kwa treni, mfukoni ana kipande cha karatasi chenye anwani ya binamu yake. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa miaka miwili nyuma, na vijiji ambavyo Wakikuyu walikusanywa kwa nguvu wakati wa vita vya Mau Mau, kama Kamirithu, bado vilikuwa vimebanana vilevile. Kiwandani aliwakuta Wakikuyu wa vijiji hivyo, Wakamba, Waluo na Waluhya wenzake. Lugha iliyowakutanisha kwenye mashine ilikuwa Kiswahili, na ndiyo sababu sisi watoto tulianza kuota ndoto kwa Kiswahili kabla ya Kimaragoli, jambo lililomsumbua sana bibi yetu kila tulipokwenda nyumbani Desemba.

Kazi ya soli ni kazi ya joto katika mji wa baridi. Mpira mbichi huingizwa kati ya magurudumu mawili ya chuma yanayozunguka yakielekeana. Unakandwa mpaka ulainike, unachanganywa na salfa na unga mweusi, unatoka kama shuka nene lenye kung'aa. Shuka hilo hukatwa, vipande vikatiwa kwenye kalibu na kupikwa kwa moto na mgandamizo mkubwa. Pasipo salfa na moto, soli ingenata barabarani wakati wa jua na kupasuka wakati wa baridi. Kipimo cha muda ndicho kila kitu: ukiiwahi kuitoa inabaki laini, ukiichelewesha inakuwa ngumu na kukatika. Baba alikuwa na saa ukutani kama wenzake wote, lakini alikuwa akisema harufu humwambia mapema kuliko saa. Harufu hiyo alikuja nayo nyumbani. Iliingia kwenye koti lake, kwenye kofia, kwenye mto wake wa kulalia. Mama aliloweka nguo za Baba kando, kwenye beseni lililotengwa, na bado shuka zetu zilinukia mpira. Mimi sikuwahi kuichukia. Mpaka leo nikipita kwenye duka la matairi napunguza mwendo.

"Soli haidanganywi," alikuwa akituambia. "Ukiidanganya, barabara itakusema."

Viatu tulivyovaa sisi vilikuwa vile vyenye kasoro, ambavyo havikufaa kupelekwa dukani na ambavyo mfanyakazi angeweza kuvinunua kwa bei ya chini. Mezani, baada ya chakula, Baba aliweka jozi mpya katikati na kutuuliza: kosa liko wapi? Hatukuruhusiwa kuvaa kabla ya kulipata. Tulivipinda, tukaviweka sawa juu ya meza kuona kama kimoja kinayumba, tukahesabu mishono, tukalinganisha ulimi wa kulia na wa kushoto. Mara kosa lilikuwa tone la gundi lililokaukia pembeni, mara rangi ya kiatu kimoja imekolea kuliko mwenzake kwa sababu vilikatwa kwenye ngozi mbili tofauti. Siku moja tulitafuta mpaka taa ikaanza kufifia. Kosa lilikuwa kwamba kisigino kimoja kilizidi kingine kimo kwa upana wa ukucha. Kaka yangu mkubwa alilipata kwa kufumba macho na kupapasa, na Baba akampigia makofi kama aliyefaulu mtihani.

Ukoo wa Bata nao ulijua viatu kwa kupapasa. Walikuwa washona viatu kwa vizazi vingi huko Zlín, mji mdogo wa Moravia, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1894 Tomáš, kijana wa miaka 18, aliungana na kaka yake Antonín na dada yao Anna wakafungua karakana kwa fedha za urithi wa mama yao. Muda si mrefu madeni yakawazidi, na ngozi ilikuwa ghali. Tomáš akafanya kile ambacho fundi yeyote wa mtaani angekifanya: akashona kwa kitambaa alichoweza kukimudu, turubai juu, ngozi chini tu. Viatu hivyo vilikuwa vyepesi na vya bei nafuu, vikapendwa na watu wa kazi, na vikaiokoa karakana. Nilipokisoma kisa hicho nikiwa mtu mzima nilizikumbuka Ngoma zetu, raba za turubai zilizotoka Limuru na ambazo kila mtoto wa shule alizijua. Zilipochakaa tulizipaka chaki ili zionekane nyeupe kwenye michezo. Kumbe turubai lile lilikuwa na ukoo wake.

Mwaka 1904 Tomáš alisafiri na wenzake watatu hadi Marekani, akaajiriwa kama kibarua katika mji wa Lynn, Massachusetts, uliokuwa umejaa viwanda vya viatu. Aliona huko kazi ilivyogawanywa, kila mtu na mashine yake, kila mashine na tendo lake moja. Aliporudi Zlín aliibadilisha karakana. Mtu wa soli alizaliwa siku hizo, na pia mkataji, na yule wa matundu ya kamba. Vita vya Kwanza vikaleta oda za buti za jeshi, kiwanda kikapanuka. Vita vikaisha, wanunuzi wakatoweka. Mwaka 1922, fedha ya Chekoslovakia ilipopanda thamani na biashara ya nje kukwama, wenye viwanda wengi waliachisha watu kazi na kungoja. Tomáš alitangaza kushusha bei ya viatu vyake kwa nusu. Bango lake la wakati huo lilionyesha ngumi ikiiponda gharama ya maisha. Mishahara nayo ilikatwa kwa asilimia 40, na hilo wanaomsifu hulitaja kwa haraka. Ila aliwauzia wafanyakazi chakula na mahitaji mengine kwa bei ya chini, na hakufunga milango. Watu walipanga foleni madukani. Mwaka 1924 alianza kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida, kila karakana ndani ya kiwanda ikiwa na hesabu zake yenyewe, ili mtu aone jinsi uangalifu wake unavyogeuka pesa.

Namheshimu Tomáš Bata, na ninaamini aliipenda kazi ya mikono kuliko wengi waliotajirika kwayo. Lakini siwezi kumsifu bila kusita. Aliwajengea watu wake nyumba za matofali mekundu zenye bustani, hospitali, shule, sinema na maduka; na kuanzia mwaka 1923 alikuwa pia meya wa Zlín. Maana yake mwajiri wako, mwenye nyumba yako na mkuu wa mji wako walikuwa mtu mmoja. Aliyepatana naye aliishi vizuri kuliko wafanyakazi wengi wa Ulaya ya Kati. Aliyekosana naye hakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Alikufa alfajiri ya tarehe 12 Julai 1932. Alitaka kuruka kwenda Uswisi, ukungu ulikuwa umefunga uwanja wa ndege wa Otrokovice karibu na Zlín, na hakutaka kungoja uondoke. Ndege ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, akafa yeye na rubani wake. Nilipomsimulia Baba habari hiyo, alitazama dirishani, Julai ya Limuru ikiwa nje, akasema tu kwamba mtu aliyezoea mashine husahau kwamba hewa haina breki.

Kampuni ikashikwa na ndugu yake wa kambo, Jan Antonín, aliyeisambaza zaidi duniani. Huyu ndiye aliyejenga huko Zlín jengo la ghorofa 16 lililokamilika mwaka 1938, ofisi yake ikiwa ndani ya lifti, na sinki la maji, ili aweze kushuka kwenye ghorofa yoyote bila kuinuka kitini. Miji ya Bata ilikuwa tayari imeota kila mahali: East Tilbury huko Uingereza, Batanagar karibu na Kalkuta, Möhlin huko Uswisi, Borovo katika nchi iliyokuwa Yugoslavia. Limuru ilikuja mwishoni mwa wimbi hilo, na haikupewa jina la ukoo. Jina lake ilikuwa nalo.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwa moyo wote kwamba Bata ni kampuni ya Kenya. Ningeamini nini kingine? Viatu vilitoka kwenye lango nililoliona kila siku. Duka la Bata lilikuwa katika kila mji tuliopita tukienda Maragoli: Naivasha, Nakuru, Kisumu, herufi zilezile nyekundu. Mwezi wa Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, foleni ilitoka hadi barabarani. Muuzaji alikuwa na kiti kifupi chenye mteremko mbele. Aliuweka mguu wako kwenye chuma chenye vipimo, akatikisa kichwa, akaenda nyuma na kurudi na boksi. Kisha mama wa mtoto aliinama na kubonyeza kwa kidole gumba mbele ya kiatu. Pakiwa na nafasi ya kutosha, kiatu kilikuwa kimepita, kwa kuwa kilinunuliwa cha mwaka huu na ujao. Tulivaa viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba, vile ambavyo vizazi vya baadaye vimevijua kwa jina la Toughees, tukiwa tumeweka karatasi za magazeti mbele kwa mwaka wa kwanza. Bei kwenye vibao ziliishia kwenye tisa. Huo nao ni urithi wa Zlín, desturi ya Tomáš ambayo Wacheki wameiita bei ya Bata mpaka leo. Ingia duka la Bata la Nairobi sasa hivi, utazikuta: 999, 1,499.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu jina hili, na mimi hulirudia kila ninapopata nafasi. Vita vya Pili vilipokaribia, Thomas, mwana pekee wa Tomáš, alikimbilia Kanada mwaka 1939 pamoja na baadhi ya wafanyakazi na familia zao, wakajenga kiwanda na kijiji cha Batawa huko Ontario. Jan Antonín aliishia Brazili. Mwaka 1945 serikali ya Chekoslovakia ikataifisha viwanda vyote vya Zlín. Mji wenyewe ukapewa jina la kiongozi wa kikomunisti, ukaitwa Gottwaldov kuanzia 1949, na kiwanda kikaitwa Svit. Ami na mpwa wakapelekana mahakamani kwa miaka mingi wakigombea umiliki wa kile kilichobaki nje. Kwa hiyo katika miaka yangu yote ya utoto, jina la Bata lilikuwa limefutwa kwenye lango la mji lilikozaliwa, huku likiandikwa kwa herufi kubwa kwenye lango la Limuru. Mtoto wa Zlín hakuweza kuvaa kiatu chenye jina hilo. Mimi nilikivaa nikaliacha limechapwa kwenye matope ya njia ya shule, kila hatua. Ikiwa kuna watu waliolitunza jina la ukoo huo wakati ukoo wenyewe umefukuzwa nyumbani, baba zetu wamo.

Na Zlín haikuwa peke yake. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Bata nchini humo, na viatu vya Dar es Salaam vikaja kujulikana kwa jina la Bora. Wako watu wa umri wangu kule wanaozikumbuka raba za Bora kwa mapenzi yaleyale niliyo nayo kwa Ngoma. Baba aliufuatilia mjadala huo redioni kwa hamu, na wenzake waligawanyika. Wapo waliotamani Kenya nayo ifanye hivyo. Baba hakupinga wananchi kumiliki kiwanda. Alichouliza ni nani atakayejua mpira umeiva. Miaka ya baadaye, Morogoro ilijibu swali hilo kwa uchungu. Kiwanda kikubwa cha viatu kilijengwa huko kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutengeneza mamilioni ya jozi kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya. Jengo lenyewe halikuendana na joto la nchi, mashine ziliharibika, vipuri havikupatikana, na kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Nchi yenye ng'ombe wengi kama Tanzania ilistahili kilicho bora zaidi. Inaniuma kila nikifikiria wale waliofunzwa kazi pale, wakawa wakataji na watu wa soli bila soli za kupika.

Mwaka 1977 mambo ya kiwandani yalipelekwa jukwaani. Kamirithu ni mwendo mfupi kutoka kiwandani, na wanakijiji walikuwa wamejenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuchezea tamthilia. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwana wa Limuru, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, na waliocheza walikuwa wakulima, vibarua wa chai, na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mazoezi yalikuwa ya wazi, kila aliyetaka alitazama na kusema. Baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi wafanyakazi wa Bata walivyoingiza hesabu zao kwenye mazungumzo ya tamthilia: kwamba viatu vinavyotengenezwa kwa siku moja vinatosha kulipa mishahara ya wote kwa mwezi mzima, sasa siku zilizobaki wanamfanyia nani kazi?

Baba alinipeleka. Nilikuwa na miaka 12. Alikuwa ameishi Limuru muda wa kutosha kukielewa Kikuyu, mimi nilikipata zaidi kutoka kwa marafiki. Sikumbuki kila kilichosemwa, nakumbuka nyuso. Nilimwona mama mmoja niliyemzoea akiuza sukumawiki akiimba katikati ya jukwaa kama mtu aliyezaliwa hapo. Niliona watu wakicheka kwa sauti pale ambapo aliyekuwa akichekwa ni mkubwa. Baba hakucheka wala hakuondoka. Tulipokuwa tukirudi alinishika mkono njia nzima, na alipofika nyumbani alimwambia Mama kwamba hesabu ile ni ya kweli, na kwamba kesho yuko zamu ya asubuhi. Sijawahi kuona kwamba kauli hizo mbili zinapingana. Aliipenda kazi yake na alijua bei yake.

Tamthilia ilianza kuchezwa Oktoba 2, na Novemba 16 serikali ikaifutia kibali. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi ule mpaka chini. Kwa miaka mingi baadaye watu wa mtaani kwetu walishusha sauti wakilitaja jina la Kamirithu, hata wale waliokuwa na picha za mazoezi zimefichwa chini ya godoro.

Miaka ya 1990 naipita upesi kwa kuwa kila Mkenya anaijua. Milango ya soko ilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na mtu wa kawaida akagundua kwamba katika soko la Gikomba anaweza kupata kiatu cha ngozi cha Ulaya, kilichovaliwa miezi michache, kwa bei ya chini ya kile kipya cha Limuru. Baada ya hapo zikaja raba za bei rahisi kutoka Asia. Siwalaumu wanunuzi, nami nimenunua mitumba. Lakini ngozi zetu zilianza kusafirishwa mbichi au nusu mbichi kwenda kutengenezwa viatu kwingine, na tasnia nzima ya viatu nchini ikasinyaa. Baba alistaafu katikati ya miaka hiyo.

Dada yangu mdogo alihamia Toronto, na nilipomtembelea nilimwomba anipeleke kwenye jumba la makumbusho ya viatu, Bata Shoe Museum, pale Bloor Street. Lilianzishwa na Sonja Bata, mke wa Thomas, Mswisi aliyesomea usanifu majengo na ambaye tangu miaka ya 1940 alikuwa akikusanya viatu kila aliposafiri na mumewe. Jumba lilifunguliwa mwaka 1995, limejengwa kwa umbo la boksi la viatu lenye kifuniko kilichokaa upande. Nilikwenda nikiwa na shaka kidogo, nikidhani nitaona sifa za wenye mali. Nikakuta viatu vya maelfu ya miaka, makubadhi ya Misri ya kale, viatu vidogo vya kuogofya vya wanawake wa China waliofungwa miguu, na vya Malkia Victoria. Mwanzoni kabisa mwa maonyesho palikuwa na nakala ya nyayo za Laetoli, zile zilizogunduliwa na kikundi cha Mary Leakey karibu na Ngorongoro mwaka 1978: hatua za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Miguu mitupu. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya viatu vya malkia, dada yangu akinivuta mkono. Nilimshukuru Sonja Bata kwa hilo kimoyomoyo. Mtu aliyeishi kwa kuuza viatu alianza hadithi yake kwa mguu, na mguu wenyewe ukawa wa kwetu.

Thomas alirudi Zlín Desemba 1989, utawala wa kikomunisti ulipoanguka, na umati ukafurika kumpokea. Mji ukarudishiwa jina lake. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 93, Sonja akamfuata mwaka 2018. Mwana wao, Thomas kama baba na babu yake, alikwishaishika kampuni, na makao makuu yakahamia Uswisi, nchi ambayo babu yake alikuwa akielekea asubuhi ile ya ukungu. Kiwanda cha Limuru bado kinafanya kazi. Buti za Safari, za ngozi laini ya rangi ya udongo, bado zinatoka pale, na vijana wa Nairobi wanazivaa kwa maringo.

Baba naye, baada ya kustaafu, alifanya kile ambacho miaka yote ya kiwandani haikumpa nafasi ya kukifanya. Alinunua cherehani ya ngozi iliyotumika, nyundo, uma wa kushonea na kalibu chache za mbao, akakaa kwenye kibanda mbele ya nyumba tuliyojenga Maragoli, akajifunza kiatu kizima. Alianza kwa kurekebisha viatu vya watu. Ngozi ya juu ilimshinda mwanzoni. Aliivuta kwa pupa ikajikunja pembeni. Alimpigia simu yule mkataji wa zamani, wakawa wanazungumza nusu saa kuhusu upande gani wa ngozi unanyooka na upi unakataa. Jozi ya kwanza aliyoishona kuanzia mwanzo hadi mwisho alimpa Mama. Mama alivipinda, akaviweka juu ya meza, akavitafutia kosa kama alivyotuona tukifanya sisi, na akalipata, na akavivaa kanisani miaka mingi.

Mpwa wangu alipopata kazi kiwandani Limuru, alikuja kumuaga babu yake kabla ya kuondoka, na likizo ya kwanza akaja na jozi ya gambuti kama zawadi. Babu akamuuliza kitu cha kwanza ambacho sote tulijua atauliza.

"Wamekuweka wapi?"

"Kwenye mashine za kumimina, Babu. Plastiki inaingia imeyeyuka, inajaa kwenye kalibu, ukifungua unakitoa chote."

"Chote? Soli na juu yake?"

"Chote kwa mara moja."

Mashine za namna hiyo zilikuwapo tangu siku za Baba, upande mwingine wa kiwanda, na hakuwahi kuzipa heshima. Safari hii aliichukua gambuti, akaingiza mkono mpaka kwenye vidole, akaipinda, akainusa. Akapitisha ukucha ubavuni polepole mpaka ukakwama mahali.

"Hapa kalibu haifungi sawasawa," alisema. "Ukirudi, mwambie fundi wenu apasugue. Na wewe usiondoke hapo mpaka umeona amepasugua."